Sir Walter Scott, mwanasheria aliyekataa kutangazwa muflisi: ilikuwa heshima au alipiga hesabu?

#1 Karani_wa_Masjala
Habari za jioni wadau.

Nimekaa masjala ya mahakama miaka 22. Faili za madai nimezibeba mpaka najua uzito wake kabla sijazifungua. Kitu kimoja nimekiona tena na tena: deni likimzidi mtu, anayewahi kuuona mlango wa nyuma ni yule anayeijua sheria. Shamba linahamia kwa shemeji, gari linakuwa la mtoto, na siku ya kukazia hukumu dalali wa mahakama anakuta mkeka na jiko la mkaa.

Sasa nimesoma maisha ya Sir Walter Scott, mshairi na mwanasheria wa Uskoti, aliyezaliwa 1771 akafariki 1832, na yamenikosesha usingizi. Aliandikishwa uwakili 1792, akawa hakimu wa jimbo la Selkirk 1799, na 1806 akateuliwa mmoja wa makarani wakuu wa Court of Session, mahakama ya juu ya madai ya Uskoti, pale Edinburgh. Karani mwenzangu! Januari 1826, akiwa na miaka 54, kampuni alizofungamana nazo zikaanguka kwa mpigo, naye akabaki na deni la karibu pauni 120,000. Njia ya kisheria ilikuwepo: atangazwe muflisi, wadai wagawane kilichopo, yeye aanze upya bila mzigo. Kwenye shajara yake alikiri kwamba angekuwa anamshauri mteja, angemwambia apite huko huko. Yeye akakataa. Aliomba muda tu, mkono wake wa kulia utalipa lote. Akaandika mpaka kiharusi kikamkuta mezani.

Kwa nini? Naomba majibu ya watu wanaojua deni linavyouma.

#2 Ngalawa
Nimekaa mstari wa mbele. Karani akifungua uzi huwa hatuondoki mikono mitupu.

#3 WakiliPembeni
Mada nzuri mkuu. Niongeze kipande kimoja, kwa sababu bila hicho hatutamwelewa.

Umesema "kampuni alizofungamana nazo". Zilikuwa tatu. Moja ni ya uchapaji, ya rafiki yake wa utotoni James Ballantyne. Ya pili ni ya uchapishaji, ya Archibald Constable, hapo hapo Edinburgh. Ya tatu ni ya mawakala wa Constable kule London, Hurst, Robinson. Ile ya Ballantyne ndiyo yenye siri: tangu 1805 Scott alikuwa mbia, na watu hawakujua. Wakili, hakimu, baadaye karani wa mahakama ya juu, ana hisa kwenye kiwanda cha uchapaji na hasemi. Tena kila alipouza kitabu alishurutisha kichapwe kwa Ballantyne, maana yake faida ilimrudia kwa mlango wa pili.

Ubia wa namna ile haukuwa na kinga tuliyoizoea leo kwenye kampuni yenye ukomo wa dhima. Kampuni ikianguka, mbia anaanguka nayo na nyumba yake, na vijiko vyake. Kwa hiyo deni lilikuwa lake kisheria, asingeweza kusema ni la Ballantyne.

Alichofanya ni kukabidhi mali yake kwa wadhamini kwa niaba ya wadai. Wadhamini wanashika mali, yeye anaandika, mapato yanaingia kwenye kapu la wadai. Angetangazwa muflisi, vitabu ambavyo bado hajaviandika vingekuwa vyake. Hapo ndipo uzito wa uamuzi wake ulipo. Aliwapa wadai kitu ambacho sheria haikuwapa, yaani kazi ya miaka iliyobaki ya maisha yake.

#4 Sina_Deni
Mnamsifia mapema sana.

Februari 1825, mwaka mmoja tu kabla ya kuanguka, mwanawe mkubwa alioa. Bibi harusi ni Jane Jobson, binti mwenye mali. Kwenye mkataba wa ndoa, Scott akamwandikisha mwanawe Abbotsford, ile nyumba kubwa aliyoijenga kando ya mto Tweed pamoja na mashamba yake, yeye akibakiza haki ya kuishi humo. Wadai walipokuja, Abbotsford haikuguswa.

Karani, soma tena bandiko lako. "Shamba linahamia kwa shemeji." Huyu kwake lilihamia kwa mtoto.

#5 Karani_wa_Masjala
Sina_Deni, hilo limenichoma na sitalikwepa. Nililiona nikalipita haraka. Naomba wenye ushahidi wasogee.

#6 Bibi_Kitabu
Nilifundisha fasihi miaka mingi, naomba niweke tarehe sawa.

Mkataba wa ndoa ni Februari 1825. Wakati huo benki za London zilikuwa zinamwaga mikopo, watu wananunua hisa za migodi ya Amerika ya Kusini kama njugu. Hofu ilianza vuli ya mwaka ule, na Desemba benki zikawa zinafunga milango. Scott mwenyewe alianza shajara yake tarehe 20 Novemba 1825, na kurasa za mwanzo zinaonyesha mtu anayesikia tetesi, anazikataa, halafu anazisikia tena.

Jambo kubwa zaidi ni la Desemba 1825. Alikopa pauni 10,000 kwa rehani ya hiyo hiyo Abbotsford, akazitumbukiza kwenye kuiokoa kampuni. Anayeficha nyumba haiweki tena mezani. Zile pauni 10,000 zikapotea zote.

Ila Sina_Deni hajazusha. Baadhi ya wadai waliuhoji ule mkataba na kutaka upelekwe mahakamani. Hatimaye wengi wao wakaona heri wamwachie.

#7 Mpiga_Chapa
Mimi nina mtambo wangu wa kuchapa, mjini, miaka 14 sasa. Niwaeleze kilichomuua, kwa sababu nyie wasomi mtakizunguka.

Kwanza, msichanganye mchapaji na mchapishaji. Mchapaji ni mimi: karatasi, wino, jalada, gundi. Mchapishaji ndiye anayenunua mswada na kuuza kitabu. Mchapaji anamaliza kazi leo, mchapishaji anamlipa kitabu kikiuzwa. Hapo katikati mchapaji anakula nini? Anachukua karatasi kwa mali kauli. Anaandikiwa hundi ya tarehe ya mbele, naye anaipeleka kwa mtu mwenye fedha taslimu anayempa pungufu kidogo.

Kwa Scott ilikuwa hivyo hivyo. Constable anamwandikia Ballantyne karatasi ya ahadi ya kulipa baada ya miezi kadhaa, Ballantyne anaipeleka benki, anapata fedha leo kwa kukatwa riba. Halafu, na hapa ndipo kaburi lilipochimbwa, Ballantyne naye alimwandikia Constable karatasi za kiasi hicho hicho, kama akiba endapo mambo yatakwenda kombo. Zilipaswa kukaa sandukuni. Constable alipobanwa akazitoa, naye akazipeleka benki. Deni moja likazaa pacha, na jina lililo nyuma ya yote mawili ni Scott. Akadaiwa hata fedha ambazo hakuwahi kuzishika.

Yalinikuta mwaka fulani na kalenda za taasisi moja. Nakala 3,000, karatasi nimekopa, hundi nimepewa ya miezi mitatu mbele. Hundi ikarudi. Mwenye karatasi hakutaka kusikia habari za hundi, alitaka fedha yake. Niliuza mashine ya kukatia. Kwa hiyo nikisoma kwamba mtu aliamka saa kumi na moja kuandika ili alipe, mimi siulizi kwa nini. Najua anachokisikia kifuani.

#8 Ngalawa
Mpiga_Chapa, pole mkuu. Hiyo mashine uliipata tena?

#9 Mpiga_Chapa
Baada ya miaka minne. Nyingine, siyo ile.

#10 Nyota_ya_Leith
Salamu kutoka Edinburgh, nipo huku kikazi mwaka wa sita. Huyu mzee yupo kila mahali. Kituo kikuu cha treni kinaitwa Waverley, jina la riwaya yake ya kwanza. Ukitoka nje unakutana na mnara wake, umeungua masizi ya karne nzima, mita 61 kwenda juu. Ngazi ni 287, nilizihesabu mguu kwa mguu. Chini amekaa yeye kwa marumaru nyeupe, shuka begani, mbwa wake Maida pembeni anamtazama usoni. Aliyechora ramani ya mnara ni George Meikle Kemp, fundi seremala aliyejisomea mwenyewe. Alizama kwenye mfereji mwaka 1844, mnara wake haujaisha.

Ninachotaka kuwasimulia ni dirisha. Nyumba yake ya mjini ilikuwa Castle Street namba 39. Juni 1814 vijana wanasheria walikuwa wanakunywa kwenye nyumba ya jirani inayotazama nyuma ya ile ya Scott. Mwenyeji akabadilika uso, akaomba wabadilishane kiti. Akasema kuna mkono kwenye dirisha la kule ng'ambo unamnyima raha: haupumziki. Ukurasa unaisha, unatupwa kwenye rundo, mwingine unaanza, mishumaa ikiletwa bado unaandika, na kila usiku ni hivyo. Mmoja akadhani ni karani fulani wa ofisini. Mwenyeji akawaambia mkono ule ni wa Walter Scott. Majira yale ndiyo alikuwa anamalizia Waverley.

Hii ni miaka 12 kabla ya deni. Kwa hiyo nauliza: tunasema aliandika kwa sababu ya deni, mbona mkono ulikuwa vile tangu zamani?

#11 Hesabu_Safi
Swali la Nyota ni zuri, lakini deni nalo lilikuwa na chanzo. Mkono ulikuwa unalipia Abbotsford. Mwaka 1811 alinunua kishamba kinaitwa Cartleyhole, majirani wakikiita kwa utani Shimo la Tope. Akaanza kuongeza: shamba la jirani, miti kwa maelfu, minara, kumbi, maktaba ya vitabu kama 9,000, hadi taa za gesi. Akilipwa kitabu ambacho hajakiandika, fedha inaenda kwenye mawe. Hata Constable asingeanguka, mtu anayejenga kwa mapato ya kesho iko siku kesho itachelewa.

#12 Malenga_Mvita
Assalaam aleikum. Mwazungumza pesa tu, mshairi mmemuacha wapi?

Mtoto wa miezi 18 apatwa na ugonjwa, ambao leo twauita polio, mguu wa kulia wapooza. Apelekwa kwa babu yake Sandyknowe, shambani, mpakani na Uingereza. Wamfunga kwenye ngozi ya kondoo aliyechinjwa papo hapo, ingali na joto, wakitumai mguu utapata nguvu. Mguu haukupona, lakini masikio yalishiba. Shangazi yake Janet amsomea tungo za kale, wazee wamuimbia habari za wezi wa ng'ombe na vita vya mpakani. Alipokuwa hakimu azunguka mabonde akizikusanya zile tungo kwa vinywa vya watu, na 1802 azitoa kitabu. 1805 yatoka tungo yake ndefu ya kwanza, jina lavuma. 1807 Constable akubali kumlipa gini 1,000 (gini ni pauni moja na shilingi moja) kwa tungo nyingine ndefu, Marmion, kabla hata hajaiona. 1810 atunga juu ya ziwa Katrine, watu wafurika kulitazama ziwa lenyewe, nyumba za wageni zajaa.

Sasa mtu aliyenyonya tungo ambazo ndani yake neno la mwanamume laweza kumtoa roho, mwataka akimbilie kifungu cha sheria? Kwetu twasema ahadi ni deni. Yeye alilelewa na ahadi. Sioni haja ya kutafuta sababu nyingine.

#13 Sina_Deni
Malenga, nakuheshimu, lakini mshairi wako aliacha ushairi mwenyewe. Mshairi Byron alipotoka na tungo yake Childe Harold 1812, Scott akaona soko limehama, akahamia riwaya. Hiyo ni hesabu au siyo hesabu?

#14 Malenga_Mvita
Ni hesabu, sikatai. Na alikiri bila kinyongo kuwa Byron amemshinda. Mwaka 1813 aliletewa cheo cha mshairi wa kasri ya mfalme akakikataa, kikaenda kwa mshairi mwenzake Southey. Mwenye tamaa hakatai cheo kama kile.

#15 Bibi_Kitabu
Nimsaidie Malenga na kumrekebisha kidogo. Sababu mojawapo ya kukataa ni kwamba tayari alikuwa na kazi mbili za serikali, uhakimu na ukarani, akaona si haki achukue na ya tatu wakati kuna waandishi wasio na kitu. Hivyo hata pale, heshima na hesabu zilikaa kiti kimoja.

#16 Ngalawa
Mwanasheria mwenye mguu mmoja mbovu, alishinda kesi ngapi? Au alikuwa wakili wa kwenye karatasi?

#17 WakiliPembeni
Mwaka wa kwanza uwakili ulimpa pauni 24 na shilingi 3, basi. Nimeanza hivyo hivyo, namwelewa.

Kuna kisa cha Jedburgh. Alimtetea mwizi wa kuvunja nyumba, akashindwa, na mteja hakuwa na cha kumlipa. Akamlipa kwa ushauri: usiweke mbwa mkubwa nje, mbwa mkubwa hulishwa akanyamaza. Weka mbwa mdogo mwenye kelele ndani ya nyumba. Na usiamini makufuli mapya ya kisasa. Tafuta kufuli kuukuu, zito, lenye ufunguo uliojaa kutu, hilo ndilo linalomsumbua mwizi.

#18 Ngalawa
Naenda kumrudisha yule mbwa wa bibi niliyempeleka shamba.

#19 Shangazi_Pangani
Nimesoma kimya tangu #1. Wanaume mmemsahau mke.

Charlotte Charpentier, binti wa Kifaransa, walioana Carlisle mkesha wa Krismasi 1797. Fedha zilipopotea alikuwa tayari mgonjwa. Castle Street ikawekwa sokoni, nyumba walikolelea watoto. Mei 1826 mahakama inafungua kikao, na karani lazima awe kitini pake, mshahara ndio uliobaki. Akamwacha Abbotsford kitandani, akaenda Edinburgh kulala chumba cha kupanga. Siku nne tu, tarehe 15 Mei, akaletewa habari kuwa amekufa. Alirudi kuzika, kisha akarudi tena kuandika.

Mume wangu alipofariki nilishona mashuka usiku kucha wiki sita. Watu walisema nina moyo wa jiwe, nawaza biashara. Nisingekuwa na kitambaa mkononi ningepiga kelele mpaka asubuhi. Nawaambieni, mwaka ule Scott hakuwa analipa deni tu. Kuandika ndiko kulikomshika asianguke.

#20 Hesabu_Safi
Pole Shangazi. Nakubali kwa mwaka ule. Ila deni lilikwenda miaka sita, na wadai si watu wa kumwonea mjane huruma miaka sita. Tazama upande wao.

Riwaya ya Woodstock, aliyoimaliza 1826 mkewe akiwa mgonjwa, iliuzwa zaidi ya pauni 8,000. Maisha ya Napoleon, juzuu 9, yakatoka 1827 na kuingiza zaidi ya hapo. Constable alikuwa ameshafanya mapatano juu ya kazi hizo mbili, na wadai wa Constable wakazidai kuwa ni zao. Msuluhishi, jaji Lord Newton, akaamua kwamba ni za Scott. Desemba ileile wadai wake wakapata mgao wa kwanza, shilingi 6 kwa kila pauni (pauni ilikuwa shilingi 20). Kwa muflisi wa kawaida hiyo peke yake ni neema.

Sasa wewe ndiye mdai. Una ng'ombe anayetoa maziwa kiasi hicho. Utamchinja? Wakamwacha akae Abbotsford bila kodi, wakamwachia na mishahara yake, pauni 1,300 za ukarani na 300 za uhakimu. Wao walipiga hesabu, naye aliijua hesabu yao. Sioni ubaya. Ila tusiseme aliishi kwa mlo mmoja.

#21 Sina_Deni
Hesabu_Safi, asante, hicho ndicho nilichokuwa natafuta tangu #4.

Niseme na mimi kwa nini niko mkali. Nilimdhamini mwenzangu wa kazini mkopo wa chama chetu cha akiba. Akahama mkoa, simu ikazimika, nikakatwa mshahara miezi 31. Nyumba yake ipo, ina jina la kaka yake. Nikiona nyumba iliyobaki salama wakati watu wanadai, siwezi kutulia.

#22 Karani_wa_Masjala
Sina_Deni, pole sana. Sasa naelewa, na una haki ya kuuliza.

#23 WakiliPembeni
Kuna mdai mmoja hakukubali kupewa migao. Abud, wa London. Mwishoni mwa 1827 alitaka fedha yake yote, la sivyo Scott akamatwe. Uskoti ya wakati ule mdaiwa alikuwa na pa kukimbilia: eneo la kasri ya Holyrood hapo hapo Edinburgh. Ukiwa ndani ya mipaka yake huwezi kukamatwa kwa deni. Scott alijiandaa kwenda kujisitiri humo. Fikirieni, karani wa mahakama ya juu anafungasha begi la kukimbilia hifadhi ya wadaiwa.

Ghafla Abud akanyamaza. Scott hakujua sababu. Sir William Forbes, mwenye benki na mkubwa wa wadai wake, alikuwa amemlipa Abud kimya kimya kutoka mfukoni mwake, kisha yeye akajiunga na wadai wengine kusubiri migao. Ilijulikana baada ya Forbes kufa, 1828.

Na Forbes ni nani? Ndiye aliyemuoa Williamina Belsches, msichana ambaye Scott alimpenda ujana wake wote akamkosa.

#24 Ngalawa
Simamisheni jahazi. Aliyemnyang'anya mchumba ndiye aliyemlipia deni?? Na huyo mama alisemaje?

#25 Bibi_Kitabu
Williamina alikuwa amefariki tangu 1810. Na "kumnyang'anya" si neno lake, Ngalawa, binti alichagua mwenyewe. Forbes na Scott walibaki marafiki.

#26 Mwalimu_Bukavu
Jambo kwenu wote kutoka Bukavu. Naomba jibu moja: je, alimaliza kulipa? Nimesoma mahali kwamba ndiyo, na mahali pengine kwamba hapana.

#27 Hesabu_Safi
Karibu Mwalimu. Wote wawili wamesema kweli kwa sehemu. Yeye mwenyewe hakuuona mwisho. Alipokufa Septemba 1832 bado deni kubwa lilibaki. Bima ya maisha yake ikatoa pauni 22,000, kisha 1833 mchapishaji Robert Cadell akatanguliza fedha dhidi ya haki za vitabu, wadai wakamalizwa. Rehani ya Abbotsford na deni la Cadell mwenyewe vikaisha 1847.

Kilichofanya kazi kubwa ni toleo jipya la riwaya zote tangu 1829, juzuu moja kila mwezi kwa shilingi 5, kila moja na dibaji na maelezo yake. Bei ile mwalimu wa shule aliiweza.

#28 Malenga_Mvita
Na hapo ndipo siri ya jina yaingia. Riwaya zote tangu 1814 zilitoka bila jina lake. Watu wamuita Asiyejulikana Mkuu. Tarehe 23 Februari 1827, kwenye karamu ya kuchangia waigizaji wazee pale Edinburgh, asimama akiri kuwa ni yeye peke yake. Deni lilikuwa limeshaifunua siri, vitabu vya hesabu vilikuwa mikononi mwa wadai.

Kwa nini alijificha? Wengine wasema riwaya ilikuwa haina hadhi kwa karani wa mahakama. Wengine, aliogopa ikimshinda iharibu jina la ushairi. Mimi naona alifurahia tu. Mtoto aliyelala ndani ya ngozi ya kondoo akisikiliza, bado alitaka kusikia watu wakimsema bila kujua yuko chumbani.

#29 Mpiga_Chapa
Kuhusu nani wa kulaumiwa, jueni kwamba mkwewe Lockhart, naye mwanasheria, alipoandika maisha yake 1837 na 1838 aliwatupia lawama akina Ballantyne. Wasimamizi wa mirathi ya James Ballantyne wakajibu kwa kijitabu chenye hesabu, kwamba Scott ndiye aliyekuwa anachota kwenye kampuni kulipia mashamba. Mimi nipo na wachapaji. Mchapaji ndiye husemwa siku zote.

#30 Nyota_ya_Leith
Mniruhusu niongeze moja. Majira yale yale ya mwanzo wa 1826, nyumba inauzwa na mke anaumwa, serikali ya London ilitaka kuzuia noti ndogo za benki za Uskoti. Scott akaandika barua gazetini kwa jina la kubuni, Malachi Malagrowther, akazitetea kwa moto mpaka serikali ikaacha noti ya pauni moja ya Uskoti. Leo noti za Bank of Scotland zina sura yake. Jana nimelipia mkate kwa sura yake.

#31 Sina_Deni
Sijabadilisha kura kuhusu Abbotsford. Lakini nauliza kwa nia njema: mwisho wake ulikuwaje? Alikufa akiandika?

#32 Shangazi_Pangani
Alipigwa na viharusi 1830 na 1831. Serikali ikampa nafasi kwenye meli ya kivita, akapelekwa Malta na Naples kutafuta jua. Akiwa huko alidhani deni limeisha, watu wa karibu hawakumsahihisha. Julai 1832 wakamrudisha Abbotsford. Siku moja akaamka kwenye kiti akasema anapoteza muda, wampeleke mezani. Wakamsogeza. Binti yake akamwekea kalamu mkononi. Vidole vikakataa kufunga. Kalamu ikaanguka juu ya karatasi, naye akaegemea nyuma, machozi yakimtoka bila sauti.

Alifariki tarehe 21 Septemba, madirisha yakiwa wazi, mto Tweed unasikika.

#33 Hesabu_Safi
Shangazi.

#34 Karani_wa_Masjala
Asanteni. Nimeandika pembeni: ahadi, nyumba, msiba, aibu ya ubia wa siri, hesabu ya wadai, mazoea ya mkono. Sijachagua. Jumatatu nikikaa kwenye dirisha la masjala nitawaangalia wanaoleta hati kwa macho mengine.

Nyota, ulishafika Abbotsford? Hiyo meza ipo?

#35 Nyota_ya_Leith
Ipo, iko kwenye chumba chake cha kazi pamoja na kiti cha ngozi. Bado sijafika. Treni inatoka Waverley mpaka Tweedbank, kisha unatembea kama dakika ishirini. Jumamosi ijayo sina zamu.

#36 Ngalawa
Angalia kama meza ina madoa ya wino.